Oda iliandikwa na ChatGPT, sahihi ni yetu: nimekosa?

*"Habari daktari. Mimi ndiye mtaalamu wa dawa pekee katika kituo cha afya cha serikali upande wa Nyando, kaunti ya Kisumu. Kila robo ya mwaka tunaandaa oda ya KEMSA, shirika la serikali linalosambaza dawa, na kazi hiyo hunila siku tatu huku wagonjwa wamejaa dirishani. Tangu mwaka jana napiga picha kadi za stoo na kurasa za madaftari, naziweka kwenye ChatGPT ya bure kwa simu yangu, inanipa hesabu pamoja na barua ya maelezo. Kwa saa moja nimemaliza. Oda ya Aprili ndiyo inayoninyima usingizi. Amoksilini ya watoto tulitoa vidonge 3,100 Januari, 2,900 Februari na 1,000 Machi (Machi tulikaa siku 20 bila dawa hiyo). Ilinipa wastani wa 2,333 kwa mwezi, nikaagiza 7,000, ikaisha mwishoni mwa Mei. Kina mama wakatumwa kemisti. Msimamizi wetu alitia sahihi bila kujua hesabu zilitoka wapi. Tena baadhi ya zile picha zilikuwa za daftari la wagonjwa wa ARV (dawa za VVU), lenye majina. Je, nimevunja sheria? Niache kutumia akili mnemba kabisa? Na nimwambie msimamizi, au nijirekebishe kimyakimya?"*

Dada yangu, kabla ya yote: kama rafu ya amoksilini bado iko tupu unaposoma haya, mpigie mfamasia wa kaunti ndogo leo hii, umuulize ni kituo gani jirani chenye ziada. Kukopeshana dawa kati ya vituo ni jambo la kila siku, huandikwa kwenye fomu ya S11 kama utoaji mwingine wowote, wala halihitaji utaje ChatGPT. Mtoto mwenye nimonia hawezi kungoja mimi na wewe tumalize mazungumzo ya maadili. Haya mengine yasome jioni.

Umeuliza maswali matatu, lakini chini yake naona la nne ambalo hukuliandika: je, ni mimi niliyewakosesha wale watoto dawa? Nitaanza na hilo, maana ndilo linalokunyima usingizi, na jibu lake limo katika hesabu yako mwenyewe.

Januari, Februari na Machi ni siku 90. Dawa ilikuwepo siku 70 tu. Vidonge 7,000 ulivyotoa vilitumika katika hizo siku 70, yaani vidonge 100 kwa siku, ambavyo ni 3,000 kwa mwezi. Mashine iligawa 7,000 kwa miezi mitatu ikapata 2,333. Kwa mwezi mmoja pengo hilo ni vidonge 667; kwa robo nzima ni kama 2,000. Mtoto wa kilo 10 mwenye nimonia hutumia vidonge viwili vya miligramu 250 asubuhi na viwili jioni kwa siku 5, jumla 20. Kwa hiyo vile vidonge 2,000 ni dozi za watoto wapatao 100. Nami bado sijaongeza mvua. Dawa iliyoisha mwishoni mwa Mei ilikuwa ikitoka karibu vidonge 120 kwa siku, na wewe unayeishi Nyando hushangai: masika yakishika, maji yakijaa, watoto wanakohoa.

Kosa hilo ni kuukuu katika kazi yetu, na halikuanza na simu. Nimeliona kwenye oda za kalamu na karatasi miaka na mikaka. Kituo kinaishiwa dawa, takwimu zinaonyesha matumizi yameshuka, kituo kinaagiza kidogo, kinaishiwa mapema zaidi, takwimu zinashuka tena. Siku ambayo rafu ilikuwa tupu huandikwa sifuri kwenye kadi, na sifuri hiyo haisemi kama hakuna mgonjwa aliyekuja au walikuja arobaini wakarudi mikono mitupu. Anayejua ni aliyekuwa dirishani. Ni wewe.

Basi ukiniuliza tofauti kati ya wewe wa zamani na wewe wa sasa, nitakwambia hivi. Zile siku tatu ulizozilalamikia hazikuwa za hesabu peke yake. Zilikuwa siku tatu za kukumbuka. Ulipofika kwenye kadi ya amoksilini ukaona Machi imekatika tarehe fulani, mkono wako ungesita, ungejiambia, "Aa, hapa tuliishiwa." Mashine haikuwa na cha kukumbuka. Ulipofupisha siku tatu zikawa saa moja, kilichopotea ni kule kusita.

Hapa lazima nieleze kidogo mashine hii inavyofanya kazi, maana watu wengi wanaichanganya na kikokotoo. Kikokotoo na jedwali la Excel hufuata kanuni: ukiingiza tarakimu zile zile mara mia, unapata jibu lile lile mara mia. ChatGPT na ndugu zake wamefunzwa kwa maandishi mengi mno kukisia kipande cha neno kinachofaa kufuata kilichotangulia. Ndiyo maana barua zake zinapendeza. Lakini ukiipa swali moja mara mbili, inaweza kukupa majibu mawili. Ukiipa picha ya mwandiko wa haraka, 7 inaweza kusomeka 1, au mstari mzima ukarukwa, nayo haitakwambia imeuruka. Siku hizi baadhi ya hizi programu huandika msimbo na kukokotoa kikweli, kwa hiyo kujumlisha kwenyewe kunaweza kuwa sahihi kabisa huku safu iliyojumlishwa si yenyewe.

Niliwahi kuijaribu mwenyewe. Nikaipa takwimu za zahanati moja bila safu ya siku za kukosa dawa, nikaiomba oda iliyorekebishwa kwa siku hizo. Haikuuliza safu iko wapi. Ilijijazia: siku 4 hapa, siku 7 pale, nadhifu kabisa, tarakimu ambazo hakuna mtu aliyewahi kuziandika popote. Karani wa kibinadamu angefanya hivyo tungemwita mwongo. Mashine haidanganyi, kwa sababu haijui kwamba kuna ukweli unaokosekana. Inajaza nafasi kwa kinachofanana na jibu. Wanaokushauri ununue toleo la kulipia ukidhani tatizo litaisha wanakupotosha. Yatapungua makosa ya kusoma, labda. Siku 20 za Machi bado zitakuwa kichwani mwako, si ndani ya mashine.

Na si Machi yako tu. Fikiria hospitali kubwa ikiagiza kwa takwimu za Machi 14 hadi Mei 8, 2024, siku 56 za mgomo wa madaktari. Takwimu zitaonyesha wagonjwa wamepungua, kana kwamba magonjwa nayo yaligoma. Au vituo vilivyotegemea bidhaa za wafadhili, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla. Historia ya matumizi husaidia pale kesho inapofanana na jana, na kwetu magharibi mwa Kenya kesho ina tabia ya kufurika.

Sasa, je, umevunja sheria? Kwa hesabu za dawa peke yake, sijui sheria yoyote ya Kenya inayomkataza mtaalamu wa dawa kutumia akili mnemba kuandaa rasimu ya oda. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa maadili ya akili mnemba katika afya mwaka 2021, kisha Januari 2024 likatoa mwingine kuhusu hizi mashine zinazotunga maandishi na picha. Hakuna hata mmoja unaosema zitupwe. Yote miwili inasisitiza kwamba lazima awepo mtu wa kuwajibika, na kwamba matumizi yawe wazi. Hapo ndipo ulipoteleza. Msimamizi wako alitia sahihi akiamini anatia sahihi kazi yako. Angeulizwa na kaunti, "Kwa nini 7,000?", angekutazama wewe, nawe ungeitazama simu. Oda ambayo hakuna mtu chumbani anayeweza kuieleza haina mwenyewe, hata ikiwa na sahihi mbili na mhuri.

Suala la daftari la ARV ni zito zaidi, sitalizungusha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa data nyeti, na Sheria ya Afya Dijitali ya 2023 imeongeza uzito juu ya uzito. Majina ya watu wanaotumia ARV hayakupaswa kutoka kwenye kabati lile, sembuse kupelekwa kwenye kompyuta za kampuni iliyo ng'ambo kupitia akaunti ya bure ya simu binafsi. Najua hukukusudia. Katika kijiji ambacho kila mtu anamjua mwenzake, nia njema haimrudishii mtu siri yake. Na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba majina hayo hayakuhitajika hata kidogo! Oda inahitaji jumla: vidonge vingapi vimetoka, vingapi vimebaki, siku ngapi rafu ilikuwa tupu. Jina la mtu halijawahi kuingia kwenye hesabu ya oda.

Futa mazungumzo hayo kwenye programu, futa picha kwenye simu na kule zinakojihifadhi zenyewe mtandaoni, na uzime ule mpangilio unaoruhusu maandishi yako yatumike kuifunza mashine. Lakini kwanza andika mahali tarehe, na ni kurasa zipi ulizipiga picha, kwa sababu utaulizwa. Usifute ushahidi ukaja kubaki na "nadhani". Sheria inampa mwenye dhamana ya data saa 72 tangu ajue, kumwarifu Kamishna wa Data pale ambapo data imefikiwa na asiyeruhusiwa na kuna hatari ya kweli ya madhara kwa wenyewe. Kama kisa chako kinafika hapo si wewe wa kuamua, wala si mimi. Ni idara ya afya ya kaunti na mwanasheria wake. Hawawezi kuamua wasichokijua.

Hilo linajibu swali la kumwambia msimamizi. Wazee walisema mficha uchi hazai, nasi wa hospitali tunajua kwamba hawakuwa wakitania. Mwambie. Usingoje oda ijayo, wala usiingie na hotuba. Nenda na karatasi moja: kadi ya amoksilini, hesabu ya 2,333 na ya 3,000 kando kwa kando, na orodha ya kurasa za ARV. Mwambie, "Mzee, hivi ndivyo nilivyofanya, hapa ndipo palipokosewa, hivi ndivyo nataka tufanye." Atakasirika, hasa kwa sababu sahihi ni yake. Ana haki. Ila atakasirika zaidi akisikia kwa mwingine. Ukiona mambo yanaelekea kwenye barua ya nidhamu, usijibu barua hiyo ukiwa peke yako. Zungumza na chama chako cha wafanyakazi kabla ya kuandika neno.

Niseme sasa kuhusu kuacha kabisa. Wapo wenzangu watakaokwambia uache, na wanasema hivyo wakiwa ofisini wana makarani wawili. Wewe uko peke yako. Siku tatu za oda ni siku tatu ambazo dirisha linafungwa nusu, mama anapewa dawa bila kuelezwa namna ya kuziyeyusha. Muda wako nao ni dawa. Kwa hiyo sikushauri urudi kwenye siku tatu. Nakushauri ubadilishe kinachofanywa na nani.

Hesabu zitoke kwenye jedwali la Excel, si kwenye mazungumzo. Kanuni yenyewe ni fupi: jumla iliyotolewa, gawa kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, zidisha kwa 30, ndiyo matumizi ya kweli ya mwezi. Zidisha kwa miezi ya akiba mnayoruhusiwa, toa kilichopo stoo, toa kilicho njiani. Kama hujui kutengeneza jedwali hilo, hapo iombe ChatGPT ikufundishe na ikuandikie fomula. Kwa kazi hiyo ni mwalimu mzuri, tena haichoki. Lijaribu kwa takwimu zako za Januari hadi Machi. Lisipokupa 3,000, fomula ina kasoro. Likishakubali, ni lako milele, linafanya kazi hata siku mtandao umekatika. Kisha kaa saa tatu, si siku tatu, ukipitia dawa kumi au kumi na tano ambazo zikikosekana mtu anaweza kufa au kudhurika. Hizo ndizo za kuzikumbukia. Glavu na pamba unaweza kuliachia jedwali.

Barua ya maelezo iandikwe na mashine ukitaka, lakini hapa nina dukuduku langu. Niliwahi kukaa katika kikao cha kupitia oda, tukakuta barua za vituo vitano visivyojuana zenye sentensi ile ile, tamu, kuhusu "ongezeko la mahitaji la msimu". Zamani barua mbovu ilitufanya tuulize maswali. Barua iliyonyooka inatufanya tugeuze ukurasa. Na kumbuka dawa hazitoshi. Oda nyingi hazijazwi zote, kwa hiyo oda yako inashindana na ya jirani. Zahanati ya kisiwani Ziwa Victoria, yenye muuguzi mmoja na mtandao wa kubahatisha, itaandika mistari miwili ya kalamu. Wewe una kurasa mbili za ufasaha. Kama mgao utafuata ufasaha, mtoto wa kisiwani amenyang'anywa dawa na sarufi. Sidhani umewahi kuiomba mashine ikutetee oda uliyoiongeza makusudi, lakini nawajua wanaofanya hivyo. Andika barua fupi: tuliishiwa siku 20, hizi hapa tarehe, hii hapa kadi. Kadi ina nguvu kuliko kivumishi.

Mambo mengine usiiulize kabisa. Friji imezimika usiku na ndani mna oksitosini, ambayo inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8: piga simu kwa mfamasia wa kaunti. Pakiti ina chapa inayotia shaka: iweke kando, ripoti kwa Bodi ya Famasia na Sumu. AL, dawa ya malaria, nayo huja kwa njia ya mpango wa malaria, mgao wake ukitegemea ripoti zako za mwezi, kwa hiyo tarakimu iliyobuniwa pale inakufuata mwaka mzima. Na kama dawa ni chache na inabidi kuamua nani apewe, hilo ni la wewe, msimamizi na mwongozo wa matibabu, mkiwa mmekaa mezani.

Nadokeza kidogo kuhusu hii "bure" unayoitumia, kwa kuwa umeuliza maadili. Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa Kenya walioajiriwa kusoma na kuainisha maandishi machafu ili ChatGPT ijifunze kuyakwepa walilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Hilo haliwezi kuwa mzigo wako wewe wa Nyando. Nalitaja ili ujue kwamba ile saa moja uliyookoa ililipiwa na mtu, na huenda mtu huyo ni wa nyumbani.

Kuhusu watoto wa Mei: kaunti na msimamizi wako wanahitaji kujua ni wangapi waliotumwa kemisti. Kama daftari la wagonjwa wa nje linaonyesha waliogunduliwa na nimonia mwezi Mei na Juni, wahesabu, mmoja mmoja, idadi tu bila majina. Idadi hiyo itakuonyesha mahitaji yalivyokuwa kweli rafu ilipokuwa tupu, na ndiyo utakayoiweka kwenye oda ijayo badala ya sifuri. Kuanzia kesho, kila siku dawa inapokosekana, andika tarehe kwa wino mwekundu kwenye kadi ile ile, na kando yake idadi ya waliorudishwa.